Waamini Wanapopungua Kigangoni: Hatua za Kufuata Kabla Mlango wa Kanisa Haujafungwa

Yapo makanisa ya vigango, yaani vituo vya sala vilivyo chini ya parokia, mlimani Kilimanjaro ambayo Jumapili ya kawaida mabenchi ya nyuma hubaki matupu, kwaya ina waimbaji wanane, na sadaka yote ikishahesabiwa haitoshi kununua divai, mishumaa na mafuta ya pikipiki ya katekista. Hali ikifika hapo, halmashauri ya walei, yaani viongozi waamini wasio mapadre, huanza kuulizana kama kigango kiendelee kuwa na kanisa lake au waamini waliobaki wajiunge na kigango jirani. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya mwenyekiti, katibu, mweka hazina na katekista ambao watalazimika kulijibu swali hilo mbele ya paroko, padre anayeongoza parokia. Msimamo wangu niuseme mapema: idadi ndogo peke yake si sababu ya kufunga kanisa, na asiyeonekana kwenye benchi si lazima awe ameacha dini.

Inafaa kwanza kutenganisha hali yetu na ile inayosikika kwenye habari za nje. Nchini Ujerumani, Wakatoliki zaidi ya 522,000 walijiondoa rasmi katika Kanisa mwaka 2022, na wengine zaidi ya 402,000 mwaka 2023. Kule aliyesajiliwa kuwa mwamini hukatwa kodi ya kanisa, ambayo ni asilimia 8 au 9 ya kodi yake ya mapato, kwa hiyo kuondoka ni jambo linaloandikwa serikalini. Nchini Marekani, Jimbo la Pittsburgh liliunganisha parokia 188 zikabaki 57, na Jimbo Kuu la Boston lilitangaza mwaka 2004 kwamba lingefunga parokia 65. Afrika inakwenda kinyume na hayo, kwa kuwa takwimu za Vatikano zinaonyesha Wakatoliki wa bara hili waliongezeka kutoka milioni 272 mwaka 2022 hadi milioni 281 mwaka 2023. Kigango chenu kikipungua katikati ya ongezeko hilo, chanzo kitafutwe hapa hapa nyumbani kabla ya kulaumu usasa na simu za mkononi, lawama ambazo hutolewa haraka kwa sababu hazimdai mtu yeyote kazi.

Chanzo cha kwanza kiko wazi kwa kila anayeishi huku. Sensa ya mwaka 2012 iliukuta Mkoa wa Kilimanjaro ukiwa na watu wapatao milioni 1.64, na ile ya 2022 ikawakuta milioni 1.86, ilhali Arusha katika muda huo huo ilitoka milioni 1.69 hadi milioni 2.36. Vihamba, yaani mashamba ya ukoo yanayozunguka nyumba, vimegawanywa hadi havigawanyiki tena, kahawa haimsomeshi mtoto kama zamani, na vijana wamekwenda Moshi mjini, Arusha na Dar es Salaam, wakiwaachia babu na bibi nyumba, migomba na kadi ya jumuiya, kikundi cha sala cha familia jirani. Misioni ya Kilema, iliyoanzishwa na Wamisionari wa Roho Mtakatifu mwaka 1890, na ile ya Kibosho iliyofuata mwaka 1893, zilikua kwa sababu watu walizaliwa, walioa na walizikwa katika mteremko ule ule. Vigango vyake vilipangwa kwa kufuata umbali ambao mtu aliweza kuutembea kwa miguu akiwa amefunga chakula.

Hesabuni kabla ya kusema lolote

Halmashauri nyingi hujadili kupungua kwa waamini bila kuwa na daftari. Mmoja anakumbuka kanisa lilivyojaa alipopata kipaimara, mwingine analinganisha na Krismasi, na kikao kinaisha kwa masikitiko. Nunueni daftari kubwa, mchore safu za tarehe, misa au ibada, wanaume, wanawake, vijana, watoto, na safu ya mwisho ya hali ya hewa, kwa maana Jumapili ya mvua ya masika katika njia ya udongo haiwezi kulinganishwa na Jumapili ya jua. Watu wawili wahesabu baada ya mahubiri, kila mmoja peke yake, kisha walinganishe. Tofauti ikizidi watu watano wajue kwamba mmoja wao hakuwahesabu waliosimama nje chini ya mti. Msitumie hesabu ya hostia, mkate wa Komunyo. Wapo wengi wanaohudhuria kila Jumapili bila kukomunika kwa sababu ya uchumba sugu, yaani kuishi pamoja bila ndoa, au ndoa isiyobarikiwa, na mkiwaacha nje ya hesabu mtakuwa mmewafukuza mara ya pili.

Wakati wa kuhesabu una uzito kuliko wengi wanavyodhani. Desemba haifai kabisa, kwa kuwa wiki ya Krismasi watu wa Dar es Salaam wamepanda nyumbani na magari yamejaa hadi barabarani. Jumapili ya Matawi na Pasaka nazo hazifai. Chagueni Jumapili nne zinazofuatana katika kipindi cha kawaida cha mwaka, mara mbili: mara moja kati ya Julai na Septemba, msimu wa watalii ukiwa umepamba moto, na mara nyingine mapema Novemba, mlima unapokuwa umetulia. Waongoza watalii, wapagazi na wapishi wa mlimani hukaa juu siku tano hadi nane kwa safari moja, na Jumapili huwakuta katika kambi za Kibo au Barafu. Ikiwa wanaume wa miaka 20 hadi 40 wanaongezeka Novemba, mmekwisha kupata nusu ya jibu, nalo halihusiani na kupoa kwa imani. Kwa parokia za Arusha, fanyeni vivyo hivyo kwa kuwafikiria madereva wa safari na wafanyakazi wa hoteli.

Hesabu ya kanisani ikishapatikana, ilinganisheni na leja ya jumuiya. Hapa pana kazi ya kuchosha ambayo haina njia ya mkato. Chukueni mfano wa ukurasa mmoja: familia imeandikwa majina saba. Baba amefariki, na jina lake bado linadaiwa zaka. Watoto wawili wako Dar es Salaam na wanasali huko katika parokia zao, ambako nako wameandikwa. Mmoja ni mpagazi. Binti mmoja ameolewa kwa Walutheri huko Machame. Mwingine yupo kijijini na haji. Anayelala mle ndani na kufika kanisani ni mama peke yake. Leja inasema saba, benchi linasema mmoja, lakini aliyepotea kweli katika ukurasa ule ni mtu mmoja. Pitieni kurasa zote kwa utaratibu huo mkiwa na kiongozi wa kila jumuiya, mkiweka alama nne tu: yupo, amehama, amefariki, haji. Orodha ya "haji" ndiyo kazi yenu. Hizo nyingine ni za kusahihisha kumbukumbu.

Kuwatembelea wasiofika

Kwenda nyumbani kwa mtu aliyeacha kuja kanisani kunahitaji adabu zaidi kuliko ujasiri. Waende watu wawili, mmoja awe mwenye umri unaokaribiana na wa mwenyeji, na asiwepo mweka hazina wala mtu mwenye daftari la michango mkononi. Katekista naye asiwe lazima, kwa kuwa wengine walikwaruzana naye wakati wa mafundisho ya watoto wao. Salamu iwe ile ya kawaida, na mazungumzo yaanze na mambo ya nyumba. Yakienda vizuri yatasikika hivi:

"Tumsifu Yesu Kristo, mama."

"Milele, amina. Karibuni ndani, mbona mmekuja wakubwa hivi? Kuna msiba?"

"Hakuna msiba, mama. Tumepita kukujulia hali, tumekukosa siku nyingi."

"Mmenikosa mimi au mmekosa zaka yangu?"

Jibu la swali hilo la mwisho ndilo litakaloamua kama mtakaribishwa tena. Msijitetee na msieleze mahitaji ya kigango. Semeni kwamba mmemkosa yeye, kisha mnyamaze, kwa maana baada ya hapo atasema mwenyewe. Atasema jina lake lilisomwa mbele ya watu katika orodha ya wasiolipa. Au atasema mwanawe alikataliwa kubatiziwa mtoto kwa namna iliyomdhalilisha, au kwamba goti halimruhusu tena kupanda ule mlima na sasa anasikiliza misa ya Redio Maria. Kila moja ya sababu hizo ina dawa yake, na dawa ya goti ni rahisi kuliko zote: mhudumu wa Komunyo apangiwe kumpelekea Ekaristi, na jina lake liandikwe kama mwamini aliye hai wa kigango.

Wapo pia waliokwenda kwenye huduma za maombi na uponyaji. Kwa hao nashauri msibishane kuhusu mafundisho siku ya kwanza. Ulizeni ni lini mara ya mwisho mtu wa kanisa lake aliingia katika nyumba hiyo kumwombea alipokuwa mgonjwa. Maaskofu wa Afrika Mashariki waliziweka jumuiya ndogo ndogo za Kikristo mbele katika uchungaji wao tangu miaka ya 1970 kwa ajili ya jambo hilo hasa, kwamba Kanisa liwe katika ujirani, kabla jumuiya haijageuka kuwa dawati la kukusanyia bahasha.

Michango

Sehemu hii hurukwa katika taarifa nyingi, nami siiruki. Mtu mwenye kipato cha vibarua anaweza kudaiwa kwa mwaka mmoja zaka, mavuno, tegemeza jimbo, ujenzi wa nyumba ya mapadre, jubilei ya padre na zawadi ya askofu akija kutoa kipaimara, kila kimoja kikiwa na kiwango kilichopangwa kikaoni na watu wenye uwezo. Akishindwa, huona haya, na mwenye haya hukaa nyumbani. Kigango kinapopungukiwa na watu, mzigo ule ule hugawanywa kwa wachache waliobaki, kiwango kinapanda, na wengine wanaondoka. Jipimeni wenyewe: kwa mwaka uliopita, kiwango cha kila familia kilipanda kwa sababu mahitaji yaliongezeka, au kwa sababu walipaji walipungua? Kama ni kwa sababu ya pili, ombeni kwa maandishi kwa paroko kwamba lengo la kigango lipangwe upya kwa idadi mliyoipata katika daftari. Ombi lenye hesabu za Jumapili nane husikilizwa. Malalamiko matupu huambiwa yaongezewe sala.

Lipo na jambo la mazishi, ambalo limewaumiza watu kuliko fedha zenyewe. Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983, katika kanuni ya 1184, inawataja wanaoweza kunyimwa mazishi ya kikanisa, nao ni walioasi imani waziwazi, waliochagua kuchomwa kwa sababu zinazopinga imani ya Kikristo, na wadhambi wa wazi ambao kuzikwa kwao kikanisa kungeleta kwazo kwa waamini, na hata hao ni pale tu ambapo hawakuonyesha dalili ya toba kabla ya kufa. Mdaiwa wa zaka hamo. Kanuni ya 1181 inaongeza kwamba maskini wasinyimwe mazishi wanayostahili. Kama kigango chenu kina desturi ya kudai stakabadhi kabla ya padre kuitwa msibani, iondoeni kwanza, na muitangaze kuwa imeondolewa, ndipo mwanze ziara za nyumba kwa nyumba.

Ratiba na mipaka ya padre

Kabla ya kufikiria kufunga, pangeni upya saa. Padre mmoja, kwa kanuni ya 905, haruhusiwi kuadhimisha misa zaidi ya tatu Jumapili, tena kwa ruhusa na pale penye haja ya kichungaji, kwa hiyo paroko mwenye vigango saba hawezi kuvifikia vyote hata akiwa na gari zuri. Wajibu wa Jumapili, kwa kanuni ya 1248, hutimizwa pia kwa misa ya jioni ya siku inayotangulia. Misa ya Jumamosi saa kumi na moja jioni inaweza kuwafaa vijana wa bodaboda na watu wa hoteli, ambao Jumapili asubuhi ndiyo saa yao ya kazi. Kanuni hiyo hiyo inahimiza kwamba padre asipopatikana, waamini washiriki ibada ya Neno la Mungu. Vigango viwili vinavyopakana vinaweza kubadilishana, Jumapili moja misa huku na ibada kule, Jumapili inayofuata kinyume chake, kwaya zikiungana. Utaratibu huo ujaribiwe mwaka mzima huku daftari likiendelea kujazwa. Kigango chenye wazee 30 wanaosali pamoja kila Jumapili na kuzikana ni kigango hai, na mtu asiwashawishi kwamba wao ni gharama.

Ikibidi kufunga

Mambo matatu huchanganywa na watu, nayo yana taratibu tofauti: kuunganisha jumuiya ya waamini, kuliondoa jengo katika matumizi ya ibada, na kuuza mali. Waraka uliotolewa tarehe 30 Aprili 2013 na idara ya Vatikano inayoshughulikia makleri, yaani mapadre na mashemasi, uliyatenganisha waziwazi. Kuanzisha, kufuta au kubadili parokia ni mamlaka ya Askofu wa jimbo, ambaye kwa kanuni ya 515 hawezi kufanya hivyo bila kulisikiliza Baraza la Mapadre. Kigango ni sehemu ya parokia na hakina hadhi hiyo ya kisheria, hivyo kuunganishwa kwake ni jambo jepesi zaidi. Jengo la kanisa, hata la kigango, lina ulinzi wake. Kanuni ya 1222 inasema Askofu anaweza kuliruhusu lirudi katika matumizi ya kawaida yasiyo ya aibu ikiwa haliwezi kutumika tena kwa ibada wala kutengenezwa, au kwa sababu nyingine nzito. Akitumia sababu hiyo nzito, Askofu hulazimika kulisikiliza Baraza la Mapadre, kupata ridhaa ya wenye haki halali juu ya jengo, na kuhakikisha kwamba roho za waamini hazipati hasara. Waraka wa 2013 ulifafanua kwamba mpango wa jumla wa jimbo wa kupunguza makanisa, au hofu ya tatizo ambalo bado halijatokea, havitoshi kuwa sababu nzito. Sababu ihusu kanisa lile lile.

Wenye haki halali: maneno hayo yasomwe polepole huku kwetu. Viwanja vingi vya makanisa ya mlimani vilitolewa na ukoo fulani kutoka katika kihamba, mara nyingi kwa neno la mdomo mbele ya wazee na padre ambao wote wamekwisha kufariki. Siku kanisa litakapotajwa kufungwa, wajukuu watakuja wakisema babu alitoa ardhi kwa ajili ya sala, na sala ikikoma ardhi inarudi. Tafuteni karatasi mapema parokiani na kwa wadhamini waliosajiliwa wa jimbo, mwiteni mkubwa wa ukoo huo kikaoni kabla hajasikia habari sokoni, na maelezo yake yaandikwe na kusainiwa.

Waamini wasioridhika na hati ya Askofu wanayo njia ya kukata rufaa, na ni wajibu wa halmashauri kuwaeleza, hata kama halmashauri yenyewe inaunga mkono kufungwa. Kwa kanuni ya 1734 huandikwa kwanza barua kwa Askofu mwenyewe kumwomba aifute au airekebishe hati, ndani ya siku kumi tangu kujulishwa rasmi. Asipojibu ndani ya siku 30, au akikataa, zipo siku 15 za kupeleka shauri juu zaidi. Muda huo ni mfupi mno kwa watu wanaosubiri kikao cha mwezi. Njia hiyo huzaa matunda: Machi 2012, Vatikano ilibatilisha kufungwa kwa parokia 13 za Jimbo la Cleveland nchini Marekani kwa sababu taratibu na sheria hazikufuatwa. Kwa upande mwingine, waamini wa kanisa moja huko Scituate, katika Jimbo Kuu la Boston, walikesha ndani ya jengo lao kwa zamu kwa zaidi ya miaka 11, wakashindwa rufaa zote na kutoka mwaka 2016. Taratibu zikifuatwa tangu mwanzo, pande zote mbili huokoka na miaka ya namna hiyo.

Hati ikishathibitika, misa ya mwisho itangazwe mapema ili walioko Dar es Salaam na Arusha waweze kufika. Tarehe za karibu na Krismasi zinafaa kwa hilo kuliko kwa kuhesabu. Ekaristi ihamishwe kwa maandamano hadi kigango kinachopokea. Altare iliyowekwa wakfu haipotezi wakfu wake kwa sababu jengo limebadilishwa matumizi, kwa kanuni ya 1238, kwa hiyo iondolewe mapema na kupatiwa mahali pake. Masalia ya watakatifu hayauzwi kamwe. Kalisi, mavazi, kengele na sanamu ziandikwe moja moja, pamoja na jina la aliyezitoa pale linapojulikana, kwa sababu familia yake itauliza. Watu wa kigango kilichofungwa wapewe viti katika halmashauri ya kigango kinachowapokea tangu siku ya kwanza, na jumuiya zao zibaki na majina na wasimamizi wake wale wale.

Madaftari ya zamani ya kigango, yakiwemo orodha za wakatekumeni (wanaojiandaa kubatizwa), michango na jumuiya, yapelekwe ofisi ya parokia pamoja na lile daftari la hesabu, na paroko asaini kuyapokea. Kijana aliyebatiziwa pale atahitaji cheti kipya cha ubatizo kabla ya kufunga ndoa, popote alipo, na cheti hicho hutolewa kwa kufuata namba iliyo katika kitabu cha ubatizo cha parokia. Kwa hiyo bandikeni mlangoni mwa kanisa la zamani, na mtume kwenye kundi la simu la kila jumuiya, jina la parokia inayotunza vitabu, saa za ofisi na namba ya kupiga.